Kazi ya Kwanza ya Kompyuta: Anayetafutwa ni Mtu wa Kukushuhudia

Kila msimu wa mahafali ukipita, simu yangu haipumui. Anayepiga mara nyingi si kijana mwenyewe. Ni mamake, au ami yake, au jirani niliyesoma naye madrasa. Maneno ni yale yale: "Mtoto amemaliza, amesomea kompyuta, mtizamie chochote hapo mjini." Mimi ni fundi wa kompyuta na mitandao ya ofisi, na meza yangu iko ghorofani hapa Mwembe Tayari, juu ya ofisi za mabasi na vifurushi. Sina kampuni ya kuajiri watu kumi. Lakini wanaonijia ni wengi na maswali yao yafanana, kwa hivyo nimeona bora niyajibu hapa kwa marefu kuliko kumpa kila mmoja kipande kwenye simu.

Swali kubwa ni hili: tangazo lasema kazi ni ya kuanzia, kisha chini yake laandika uzoefu wa miaka 2. Kijana auliza, huo uzoefu nitautoa wapi ikiwa hakuna wa kuniajiri?

Wengi hulijibu kwa neno moja: kujuana. Kuna ukweli ndani yake, na hapana mtu wa Mombasa atakayejitia hajui. Lakini neno hilo laficha jambo jingine. Fundi wa kompyuta akiingia ofisini hukabidhiwa vitu ambavyo hata karani wa miaka mingi hapewi. Hujua nywila ya meneja. Huona mishahara ya wote. Barua pepe za mkurugenzi, kamera za usalama, mfumo wa mauzo, vyote viko mkononi mwake. Akikosea amri moja, hesabu za mwaka mzima zapotea. Mwajiri anapoandika "miaka 2" huwa anauliza swali la zamani sana hapa pwani: ni nani amewahi kukupa funguo zake, na ulizirudisha vipi?

Cheti hakilijibu swali hilo. Cheti chasema ulifaulu mtihani, na ni jambo jema, lakini hakisemi kama wewe ni mtu wa kuachiwa ofisi saa mbili usiku. Anayelijibu ni shahidi, yaani mtu mzima mwenye biashara yake, anayepokea simu na kusema, "Huyu namjua, alinifanyia kazi, hakikupotea kitu." Mwenye jamaa bandarini amepata shahidi bila kutoka jasho. Asiye na jamaa itabidi amtengeneze wake, na nitaeleza anavyoweza kumpata.

Kwanza tuangalie kazi ziko wapi, maana vijana wengi watazama upande mmoja tu. Mji huu ni mlango wa intaneti wa Kenya. Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika ufuoni kwetu, Julai mwaka huo huo SEACOM ikawashwa, na baadaye zikafuata EASSy, LION2 na nyinginezo. Leo kuna vituo vya data Miritini na Nyali. Kijana wa Mji wa Kale akisikia hayo hudhani mlango wa ajira uko pale kebo inapotokea baharini. Kituo cha data kina mashine nyingi na watu wachache, na hao wachache aghalabu ni wahandisi waliokwisha kufanya kazi kwingine. Hali ni kama hiyo kwa Mamlaka ya Bandari na mabenki ya Nkrumah Road: nafasi hutangazwa, waombaji hujaa, na asiye na shahidi huchujwa mapema.

Baada ya hapo kuna daraja la kati: kampuni za kutoa mizigo bandarini, ambazo haziwezi kufanya kazi siku moja bila mifumo ya KRA na KenTrade, hoteli, hospitali za kibinafsi, shule, vyama vya akiba na mikopo. Pia kuna kampuni zinazofunga intaneti majumbani. Hizi za mwisho huhitaji mafundi wa kuvuta nyaya na kupanda ngazi, na vijana wenye digrii huzidharau. Mimi naona ndizo mlango mzuri kuliko yote. Ukiingia nyumba sita kwa siku, kila moja na rauta yake na lawama zake, kwa miezi sita utakuwa umejifunza mtandao kuliko mtu aliyekaa darasani miaka miwili, na kuzungumza na wateja wenye hasira ukazoea.

Daraja la chini ndilo hili la mitaani, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Wazee husimulia kwamba jina Mwembe Tayari latokana na mwembe ambao misafara ya kwenda bara ilikusanyika chini yake kabla ya kuondoka. Mpaka leo mabasi ya bara yaanzia hapa. Pita kwenye veranda zake uangalie ndani ya kila mlango: ofisi ya tiketi, ofisi ya vifurushi, duka la dawa, muuza vipuri, muuza vitambaa kwa jumla, mchapishaji wa kadi za harusi. Karibu kila mmoja ana kompyuta moja au mbili, printa, rauta, na pengine kamera nne ukutani. Na karibu wote hawana mtu wa kuvitunza. Kitu kikiharibika humwita mtoto wa jirani, au hukaa nacho hivyo hivyo.

Mambo mawili yamewatia wafanyabiashara hawa mashakani siku za karibuni. La kwanza ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, tangu Januari 2024 mfanyabiashara hawezi kuhesabu gharama zake kwenye kodi ikiwa hazina ankara ya eTIMS. Maana yake ni kwamba hata muuzaji mdogo huulizwa na wateja wake wakubwa, "Ankara iko wapi?" Kuna njia nyepesi ya wadogo, hata kwa simu kupitia *222#, lakini mzee wa miaka 60 mwenye duka la vipuri atahitaji mtu wa kukaa naye kitako, amsajili, amwoneshe mara tatu, na arudi wiki ya pili kumtazama.

La pili ni Windows 10. Microsoft ilikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitaani ni zile za mitumba tuziitazo ex-UK, na nyingi kati yake ni kuukuu mno kwa Windows 11, ambayo yataka prosesa za miaka ya karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwenye duka hajui kama mashine yake yaweza kuhama, wala hajui kwamba kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya masahihisho ya usalama, wala kwamba kwa kazi ya kuandika na kufungua mtandao angeweza kuwekewa Linux bila kununua kitu. Kijana anayeweza kuzungukia maduka kumi na kumwambia kila mwenye duka, kwa Kiswahili cha kueleweka, "Yako yaweza, yako haiwezi, na ukitaka kukaa nayo fanya hivi," huyo amefanya kazi ambayo katika ofisi kubwa ina jina refu na mshahara.

Niwape mfano wa binti mmoja wa Mji wa Kale, mwenye diploma, ambaye alikaa mwaka mzima akituma maombi. Jina lake nalihifadhi. Alikuja kwangu na mamake, na mamake aliuliza maswali ya maana: ofisi hizo ziko ghorofa ya ngapi, nani wako ndani, zafungwa saa ngapi. Tukakubaliana aanze na ofisi tatu za chini, mchana tu, milango wazi. Moja ilikuwa ya vifurushi, na kisa chake ni printa.

Siku moja stima ilipotea, ikarudi, na printa ikagoma. Mwenye ofisi alikuwa ameshaamua kununua nyingine. Binti akaanza kuuliza: imegoma kwa kompyuta zote mbili au moja? Ilifanya kazi mara ya mwisho lini? Tangu hapo kimebadilika nini? Akatazama waya, karatasi, foleni ya kazi zilizokwama. Vyote sawa. Mwisho akagundua kwamba rauta ilipowaka upya iliipa printa anwani nyingine ya mtandao, na kompyuta zikabaki zikituma kazi kwenye anwani ya zamani, kama mtu apelekaye barua kwenye nyumba aliyokwisha kuhama mwenyewe. Akaifungia printa anwani moja kwenye rauta ili isihame tena. Akazima kila kitu, akawasha, akachapisha. Dakika arubaini.

Miezi minne baadaye aliitwa mahojiano na kampuni ya kutoa mizigo. Swali la tatu lilikuwa: "Mtumiaji anapiga simu, printa haichapishi. Utafanyaje?" Wenzake, aliniambia, walijibu kwa kukariri: nitaweka upya programu yake. Yeye alisimulia ofisi ya vifurushi kwa mpangilio ule ule, tangu swali la kwanza mpaka anwani. Walipomuuliza nani aweza kuthibitisha, akatoa nambari ya mwenye ofisi, ambaye alikuwa amempa ruhusa. Wakapiga. Mzee yule hajui anwani ya mtandao ni mdudu gani, lakini alijua la kusema: "Alikaa na funguo zangu miezi minne." Akaajiriwa kwa mkataba wa mwaka, dawati la kuhudumia wafanyakazi. Mshahara wa kuanzia haukuwa mkubwa.

Kilichomsaidia kukumbuka yote hayo ni daftari. Kila nimfundishaye namtaka awe nalo. Kila kazi, mistari michache: tarehe, mahali, shida kama alivyoieleza mwenyewe, ulilojaribu, lililofaulu, muda uliotumia, na nani alithibitisha. Ofisi kubwa zina programu ya kazi hiyo hiyo na kila shida huitwa tiketi; ukizoea daftari, tiketi hazitakushangaza. Usiandike humo nywila ya mtu wala majina ya wateja wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mbali na sheria, mtu akikufungulia kompyuta yake amekufungulia nyumba. Picha usizoziitiwa usizitazame.

Daftari hilo ndilo linalozaa wasifu wa kazi. Wasifu mwingi ninaoletewa waandika: "Najua Windows, Excel na mitandao, ni mchapakazi na hushirikiana na wenzangu." Huo hausemi kitu, maana hata asiyejua huandika hivyo. Linganisha na huu: "Kwa miezi minne nilihudumia ofisi tatu Mwembe Tayari zenye kompyuta saba. Niliweka nakala ya akiba ya kila jioni, na kila mwezi nilijaribu kuirejesha nione kama yafunguka. Nilisajili maduka manne kwenye eTIMS." Ukurasa mmoja watosha. Sehemu ya kujaribu kuirejesha usiisahau. Kuna watu wana nakala za miaka na hawajawahi kufungua hata moja, mpaka siku diski imekufa.

Bei, sasa. Kuna wanaowaambia vijana wafanye bure ili wapate uzoefu. Mimi nasema mara moja kwa kila mwenye duka, ili akujue, na isizidi siku moja. Baada ya hapo taja bei kabla hujafungua kompyuta, hata iwe mia tatu, na mpe risiti. Anayekulipa atakumbuka kazi yako. Anayekutumia bure atakumbuka tu kwamba ulikuwa ukipatikana. Baada ya miezi mitatu au minne omba barua yenye anwani ya duka, sahihi na muhuri. Muhuri wa duka la dawa la Mwembe Tayari wapendeza mezani kwa mwajiri kuliko mtu anavyodhani.

Tuna methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika jambo hili naipinga. Chema kikikaa ndani Kibokoni kikingoja barua pepe, kitazeekea humo.

Njia rasmi zipo na nitazipitia kwa haraka. Wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor (wazee bado huikumbuka kama MIOME, taasisi ya ufundi ya Waislamu ilivyoanza, kabla haijawa chuo kikuu kamili mwaka 2013) na wa vyuo vingine hupitia mafunzo ya nyanjani. Wengi huyapoteza kwa kutumwa chai na kutoa fotokopi. Ukipelekwa mahali, siku ya kwanza omba kumfuata fundi, na uwe na daftari lako. Mamlaka ya TEHAMA ina mpango wa vipaji vya kidijitali kwa waliohitimu, wa mwaka mmoja na posho. Tume ya Utumishi wa Umma ina uanagenzi wake. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ipo tangu 2016, na faida yake kubwa kwa maoni yangu ni watu utakaokutana nao. Serikali pia ina mpango wa Ajira Digital kwa kazi za mtandaoni. Hizo zaweza kukulipa, lakini mteja aliye ng'ambo ni vigumu kumpigia simu athibitishe.

Vyeti: chukua kimoja, umalize. Anayetaka dawati la huduma, CompTIA A+ au cheti cha Google cha huduma za kompyuta chafaa; anayetaka mitandao, CCNA. Cisco ina masomo ya mwanzo ya bure na programu ya Packet Tracer, ambayo nayo ni bure, ya kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta yako. Kabla ya hapo jifunze kufunga kichwa cha waya wa mtandao kwa mkono, rangi kwa mpangilio wake: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, hudhurungi-nyeupe, hudhurungi. Nimeona mwenye digrii akipewa koleo kwenye mahojiano akalitazama kama samaki asiyemjua.

Mahojiano mengi ni ya Kiingereza, na watoto wetu wengi hukwama hapo ingawa jibu walijua. Jizoeze kueleza shida ile ile mara mbili, kwa Kiingereza cha fundi na kwa Kiswahili cha mteja. Hilo la pili ni nguvu yetu, litumie.

Karatasi ziandae mapema: PIN ya KRA, NSSF, SHA, na cheti cha tabia njema cha DCI, ambacho ada yake ni shilingi 1,050. Hizo ndizo pesa za kulipa, tena kupitia eCitizen. Mtu yeyote anayekuomba "ya fomu" au "ya kuhifadhi nafasi" bandarini kwa M-Pesa ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Na kazi za ng'ambo nasema kwa uzito. Tangu 2022 Wakenya wengi wamelazimika kuokolewa kutoka Myanmar, vijana walioahidiwa kazi za kompyuta na huduma kwa wateja Thailand, wakavushwa mpaka na kufungiwa katika kambi za utapeli wa mtandaoni. Walilengwa kwa sababu wanajua kompyuta na Kiingereza. Wakala wa kazi za nje lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa umma. Mzazi aikague mwenyewe kabla ya kuuza chochote.

Ukipata kazi, soma karatasi unayotia sahihi. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na majaribio yasizidi miezi sita, isipokuwa ukikubali mwenyewe kuongezewa. Hata ukiondoka mapema, ilmuradi umefanya wiki nne mfululizo, una haki ya cheti cha utumishi. Kidai. Huyo ni shahidi mwingine.

Na kwa atakayekuja kuzungukia ofisi za Mwembe Tayari: asije asubuhi mabasi ya Nairobi yanapopakia, wala jioni yanapojiandaa kwa safari za usiku, kwani hatasikilizwa. Ijumaa saa sita mpaka saa nane wengi wamefunga. Aje saa nane hadi saa kumi alasiri, wakati mwenye ofisi ameshakula, barabara imetulia, na kompyuta imelala mbele yake. Asianze kwa kuomba kazi. Baada ya salamu aulize, "Mzee, kwenye hii kompyuta yako ni nini kinachokukera?" kisha atoe daftari.